Mgeni, Mwenyeji na Hasimu: Asili ya Neno na Swali la Maadili Mtaani Eastleigh

Utangulizi

Msomaji atakayepita katika Barabara ya First Avenue mtaani Eastleigh, Nairobi, hatakosa kuyaona maneno matatu yakijirudia katika mabango: hoteli, hosteli na hospitali. Maneno haya yameingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiingereza, na kila moja limejitwalia kazi yake. Katika la kwanza watu hula na kunywa chai, katika la pili hulala wanafunzi na wasafiri, na katika la tatu hutibiwa wagonjwa. Ni nadra mpita njia kuyadhania kuwa ndugu. Hata hivyo, isimu historia inatuonyesha kwamba yote matatu yamezaliwa na neno moja la Kilatini, "hospes", ambalo maana yake ilikuwa mgeni na mwenyeji kwa pamoja. Aidha, neno hilo lina undugu wa damu na neno jingine la Kilatini, "hostis", ambalo wasomaji wa Cicero wanalifahamu kwa maana ya adui.

Makala hii hainuii kuonyesha maajabu ya etimolojia. Maajabu hayo ni mengi, na aghalabu humfurahisha msomaji pasipo kumfunza. Tunanuia kuuliza swali la kimaadili ambalo taaluma yetu hulipita kando: asili ya neno ina mamlaka gani juu ya maana yake ya leo? Swali hili lina pacha wake: asili ya mtu ina mamlaka gani juu ya haki yake ya leo? Tutajaribu kuonyesha kwamba maswali haya mawili hufanana kuliko tunavyodhani, na kwamba Eastleigh ni mahali ambapo mfanano huo umewagharimu watu usingizi, mali na uhuru wao.

Nasaba ya "guest" na "host"

Tuanze na neno la Kiingereza "guest", yaani mgeni. Katika Kiingereza cha kale lilitamkwa kwa namna nyingine, na umbo tulilo nalo leo limeathiriwa na lugha ya Waskandinavia waliovamia na kuhamia Uingereza, ambao walisema "gestr". Kijerumani kina "Gast", na Kigothi, lugha iliyokwisha kufa, kilikuwa na "gasts". Wanaisimu wameyalinganisha maneno haya na mengine ya lugha za Kislavoni na Kilatini, wakaunda upya mzizi *ghosti- wa lugha mame ya Indo-Ulaya. Alama ya nyota, kama ilivyo ada, inatukumbusha kwamba umbo hilo halikuandikwa na mtu yeyote. Ni dhana iliyojengwa kwa ulinganishi.

Katika Kilatini mzizi huo ulizaa "hostis". Neno hili lilikuwa na historia ambayo Warumi wenyewe waliitambua. Varro, katika kitabu chake juu ya lugha ya Kilatini, alilitaja kuwa mfano wa maneno yaliyobadilika maana: zamani lilimtaja mtu wa nje anayefuata sheria za kwao, na baadaye likamtaja mtu anayepigwa vita. Cicero naye, katika kitabu chake kuhusu wajibu, alirejelea Sheria za Mbao Kumi na Mbili za karne ya tano kabla ya Kristo, ambamo neno hilo bado lilikuwa na maana ya mtu wa nje tu. Kwa maoni yake, wahenga walimwita adui kwa jina la mgeni ili kupunguza ukali wa jambo lenyewe, lakini muda ukalifanya jina nalo kuwa kali.

Mwanaisimu Mfaransa Émile Benveniste, katika kazi yake ya mwaka 1969 kuhusu msamiati wa taasisi za Indo-Ulaya, alitoa maelezo yanayotufaa zaidi. Kwake, "hostis" wa awali hakuwa mtu wa nje yeyote. Alikuwa yule aliyefungamana na Warumi kwa mapatano ya kupeana na kurudishiana, aliyetambuliwa kuwa na haki sawa na zao. Mahusiano ya ukoo na ukoo yalipofifia na mahali pake kushikwa na dola yenye mpaka, mtu huyo alipoteza nafasi yake. Akabaki kuwa wa nje tu, na wa nje akawa hasimu. Ndipo Kilatini kilipohitaji neno jingine la mgeni, likatumika "hospes", ambalo wengi huliona kuwa mwambatano wa mizizi miwili: mgeni na bwana. Kutokana na "hospes" yakaja, kwa njia ya Kifaransa cha kale, "host" wa Kiingereza kwa maana ya mwenyeji, pamoja na yale maneno matatu ya mabango yetu. Kutokana na "hostis" yakaja "hostile", yaani -enye uhasama, na "host" nyingine yenye maana ya jeshi. Kiingereza basi kina maneno mawili yenye umbo moja, moja la anayefungua mlango na jingine la wanaouvunja.

Hatari ya kuitukuza asili

Mtu aweza kushawishika kusema kwamba hapa tumeupata ukweli uliofichika: kwamba kila ukarimu una uhasama ndani yake, kwa kuwa maneno yake yametoka katika mzizi mmoja. Jacques Derrida, katika mihadhara yake ya miaka ya 1990 juu ya ukarimu, aliyaunganisha maneno hayo mawili kuwa moja ili kuonyesha mvutano huo, na wafuasi wake wengi wameufanya mchezo huo wa maneno kuwa hoja. Sisi tunaona kwamba haitoshi.

Neno "etimolojia" lenyewe limetokana na Kigiriki "etymos", yaani -a kweli. Wagiriki walidhani kwamba anayelijua chimbuko la jina analijua jambo lenyewe. Plato aliijadili imani hiyo katika mazungumzo yaitwayo Cratylus, ambamo mmoja anashikilia kuwa majina yana haki yake kwa maumbile, na mwenzake kuwa ni mapatano ya watumiaji tu. Historia ya lugha imeelekea zaidi upande wa mapatano. Neno la Kiingereza "nice", linalosifu jambo zuri, limetokana na Kilatini "nescius", yaani asiyejua. Hakuna anayemtukana mwenzake anapomwambia hivyo leo.

Tuna mfano wa karibu zaidi. Neno "ustaarabu" limetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kujifanya Mwarabu au kuingia katika hali ya Waarabu. Neno hili ni ushahidi wa zama ambapo hadhi katika miji ya pwani ilipimwa kwa ukaribu na Uarabu, na mhakiki ana wajibu wa kuusema ukweli huo. Lakini je, mama wa Machakos anayemwonya mwanawe awe mstaarabu anamtaka awe Mwarabu? La hasha. Asili ya neno hutueleza njia lililopitia; haituelezi mahali lilipofika. Kwa maneno mengine, asili ni shahidi wa kusikilizwa, wala si hakimu wa kukata shauri.

Wataalamu wa Kiswahili tunapaswa kulijua hili kuliko wengine wote, kwa sababu lugha yetu imewahi kushtakiwa kwa asili yake. Kwa muda mrefu walikuwapo waliodai kuwa Kiswahili ni lugha ya mchanganyiko isiyo na kwao, kwa kuwa ina maneno mengi ya Kiarabu. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, katika Historia ya Kiswahili ya mwaka 1977, walilazimika kuutetea Ubantu wa lugha hii, na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, waliionyesha nasaba yake miongoni mwa lugha za Kisabaki, pamoja na Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro. Utetezi huo ulikuwa wa lazima na ni sahihi. Hata hivyo unatuachia swali. Tuseme matokeo ya utafiti yangekuwa kinyume: je, Kiswahili kingekuwa na haki ndogo zaidi ya kusemwa Nairobi? Anayejibu "hapana" amekwisha kukubali kwamba haki ya kuwapo haikutegemea nasaba tangu awali.

Mgeni na mwenyeji katika Kiswahili

Neno "mgeni" ni la Kibantu asilia. Linao ndugu katika Kigikuyu, "mũgeni", na katika Kiganda, "omugenyi". Katika Kiswahili hubeba maana mbili ambazo Kiingereza cha leo kimezitenga: mtu tusiyemjua na mtu tuliyemkaribisha. Tukisema "kuna mgeni mlangoni" hatujasema bado kama ni wa kuogopwa au wa kupikiwa. Kigiriki cha kale kilikuwa na neno la namna hiyo, "xenos".

Tofauti huja kwa mwenyeji. Kwa maelezo yaliyozoeleka, neno hili limetokana na "mwenye" na "mji": ni mtu mwenye mji. Latini ilimtaja mwenyeji kwa kumtazama mgeni wake. Pasipo mgeni hapana "hospes". Kiswahili kimemtaja kwa kutazama mahali; hata asipotembelewa na mtu yeyote maisha yake yote, yeye ni mwenyeji, kwa kuwa mji ni wake. Tusiharakishe kutoa hukumu juu ya hulka za watu kutokana na tofauti hii, maana tumekwisha kuonya dhidi ya jambo hilo. Wala tusijisifu kuwa sisi ni wakarimu kwa maumbile eti kwa sababu neno letu moja linamtaja mgeni na asiyejulikana. Askari anayegonga mlango usiku na kuuliza "wewe ni wa wapi?" huuliza kwa Kiswahili hichohicho.

Linalotufaa zaidi ni jinsi wenye lugha walivyolitumia neno hilo katika hekima yao. Methali isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" hutajwa mara nyingi kama onyo kwa mgeni mvivu. Tafsiri hiyo si kosa, ila haijakamilika. Anayepewa jembe hapewi njia ya kutokea, anapewa shamba. Anayelima ana haki ya kuvuna, na anayevuna ana haki ya kuketi penye chakula bila kukaribishwa. Methali hii basi huuwekea ugeni kikomo kutoka pande mbili. Humzuia mgeni asile bure milele, na humzuia mwenyeji asimwite mwenzake mgeni milele. Hapa methali inakutana, pasipo kujuana, na yule "hostis" wa awali wa Benveniste, mtu wa kupeana na kurudishiana. Nguvu ya mfano huu haitoki katika mzizi wa neno lolote. Inatoka katika desturi ambayo watu wameiona kuwa ya haki, wakaihifadhi.

Etimolojia ya watu

Jina "Eastleigh" lenyewe ni la kigeni. Mji wenye jina hilo uko Hampshire, kusini mwa Uingereza, na sehemu yake ya pili hutokana na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha uwazi katikati ya msitu. Nairobi likapewa mtaa ambao katika ukoloni ulikaliwa zaidi na Waasia na pia Wasomali. Wakazi wakalitamka "Islii", likazoea. Hakuna aliyewahi kulitaka jina hili lionyeshe cheti cha babu yake.

Watu hawakuwa na bahati hiyo. Serikali ya kikoloni, kwa sheria ya mwaka 1919, iliwatenga baadhi ya Wasomali na kundi la "wenyeji" kwa mambo kadhaa, na katika miaka ya 1930 Waisaaq walidai watambuliwe kuwa Waasia ili wapate nafuu iliyoambatana na jina hilo. Asili wakati huo ilikuwa ngazi ya kupandia. Baada ya uhuru ngazi ikageuzwa. Mnamo Novemba 1989 serikali ya Kenya ilitangaza zoezi la kuwachunguza watu wote wa asili ya Kisomali waliotimia umri wa miaka 18, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya rangi ya waridi. Mtu aliyekuwa na kitambulisho cha taifa kama mwenzake Mkamba au Mluo alitakiwa athibitishe tena kwa nasaba kwamba yeye ni yeye. Hili ndilo tunaloliita etimolojia ya watu: kumchukua mtu anayeeleweka kikamilifu katika matumizi ya leo, anayefanya kazi, kulipa kodi na kuzika wafu wake hapa, kisha kumwambia kwamba maana yake ya kweli iko katika mzizi wake, na mzizi huo uko kwingine.

Sheria ilikuwa na neno lake la Kiingereza kwa mtu wa namna hiyo: "alien". Nalo lina nasaba. Limetokana na Kilatini "alienus", yaani -a mwingine, mali ya mwingine. Mgeni ni jina la uhusiano, kwa kuwa mtu huwa mgeni wa fulani. "Alien" ni jina la kukana uhusiano. Humtangaza mtu kuwa wa wengine. Sheria ya Kenya iliyobeba jina hilo, Sura ya 173, ilifutwa na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011. Lakini neno kufutwa si jambo kufutwa.

Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakimbizi wengi walifika Eastleigh. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyumba vya kulala vya Garissa Lodge viligeuzwa kuwa maduka: waliolala hapo usiku walitandaza bidhaa zao hapo mchana. "Lodge" ni neno lililotoka katika Kifaransa cha kale, likiwa na mzizi wa Kijerumani wenye maana ya kibanda cha majani. Kutoka katika kibanda hicho kikazaliwa kituo cha biashara, na baada yake vingine vingi, ambavyo leo wateja wa Nairobi yote na wachuuzi kutoka nchi jirani huvitegemea. Wageni walikuwa wamelishika jembe bila kungoja siku ya tatu, na katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wageni wakawa wao ndio wenyeji wanaopokea.

Hayo hayakuwakinga. Mnamo Novemba 2012, baada ya bomu kulipuka ndani ya matatu mtaani humo na kuua watu, makundi yenye hasira yaliwashambulia Wasomali na mali zao. Aprili 2014, katika oparesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu walikamatwa, wengi wao Eastleigh, na wengine wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Historia ya "hostis" iliyochukua karne kadhaa huko Roma ilijirudia katika kizazi kimoja.

Pingamizi

Msomaji mwadilifu atauliza: je, dola haina haki ya kumjua anayeingia? Shambulio la Westgate la Septemba 2013 liliua watu 67, na walionusurika hawawezi kuambiwa kwamba hofu yao ni kosa la kiisimu. Swali hili ni zito. Immanuel Kant, katika maandishi yake ya mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, alitofautisha haki mbili. Ya kwanza ni haki ya kila mtu kufika katika nchi ya wengine bila kutendewa kama adui. Ya pili ni haki ya kukaa kama mgeni wa nyumbani, ambayo huhitaji mapatano. Tukifuata mgawanyo huo, tutakubali kwamba Kenya ina haki ya kuuliza na hata kukataa.

Lakini haki ya kuuliza ina masharti. Kwanza, swali liwe juu ya tendo au juu ya hadhi ya kisheria, si juu ya uso na jina. Pili, liwe na mwisho. Jibu lililokwisha kukubaliwa lisiulizwe upya kila hofu inapozuka. Tatu, limhusu aliyefika, lisimhusu aliyezaliwa hapa, kwa kuwa huyo hakufika kutoka mahali popote. Mahakama Kuu ya Kenya ilikaribia fikra hii mnamo Julai 2013 ilipotangua agizo la kuwahamishia kambini wakimbizi wote wa mijini, na Katiba ya mwaka 2010 inatosheka na uraia wa baba au mama kwa anayedai uraia wa kuzaliwa. Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza mjini Wajir kufutwa kwa uchunguzi wa ziada waliofanyiwa watu wa kaskazini walipoomba vitambulisho. Kwamba tangazo hilo lilihitajika miaka zaidi ya 60 baada ya uhuru ni ushahidi wa urefu wa siku ya tatu kwa baadhi ya raia.

Hitimisho

Tumeona kwamba mgeni, mwenyeji na hasimu walikuwa neno moja au matawi ya neno moja katika lugha za Indo-Ulaya, na kwamba jambo hilo halithibitishi kuwa lazima wawe mtu mmoja. Maneno hubadilika kwa sababu watu hubadilisha namna ya kuishi pamoja, na kwa sababu hiyohiyo maana mbaya yaweza kurudi kuwa njema. Anayetafuta asili ya neno afanya kazi ya heshima, mradi akumbuke kwamba analitafutia historia, halitafutii kifungo.

Wajibu wa mhakiki, kwa maoni yetu, ni kuupeleka uangalifu huo nje ya kurasa. Tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba maana ya neno iko katika matumizi yake miongoni mwa wasemaji wake, na kwamba neno la mkopo likiisha kuchukua ngeli na viambishi vyetu ni la Kiswahili kama jingine lolote. "Hoteli" haihitaji kibali. Ikiwa tunaamini hivyo darasani, hatuna sababu ya kunyamaza tunapomwona jirani akiulizwa, katika lugha tunayoifundisha na aliyoizaliwa nayo, kwao ni wapi hasa.